Ukifuta Faili, Acha Kushika Kitu Kwanza

Wasee, tuseme ukweli: faili nyingi hufa baada ya kufutwa, si wakati wa kufutwa.

Wazee walisema maji yakimwagika hayazoleki, na sisi tukaibeba hiyo methali mpaka kwa memori kadi. Mtu anafuta folda ya picha, anapiga kelele, anasema basi imeenda, halafu anaendelea kurekodi na kadi ileile. Kwa maoni yangu, hapo ndipo anamwaga maji yenyewe.

Fikiria rejista ya darasa. Mwalimu akikata jina lako, wewe bado umekaa kwa dawati lako. Utatoka tu siku mgeni atapewa hilo dawati. Memori kadi na flashi ziko hivyo. Ukifuta, au ukifomati kwa njia ya haraka, mara nyingi kinachokatwa ni jina kwenye rejista. Picha bado iko. Lakini kila video mpya unayorekodi ni mgeni anayetafuta dawati.

Hapa Mikinduri hii si stori ya makampuni makubwa. Ni kijana mmoja na kamera moja, anaitwa kurekodi harusi, mahari, mazishi. Kwa hiyo kadi kuna sauti ya nyanya ya mtu akibariki wajukuu. Harusi unaweza kuomba warudie picha za keki. Mazishi hayarudiwi.

Kwa hivyo ukigundua umefuta, acha. Toa kadi kwa kamera. Kama ni ile SD kubwa, sukuma kile kitufe cha pembeni kiwe upande wa kufunga, isiandikwe kitu. Kisha tafuta kompyuta yenye PhotoRec, programu ya bure ambayo haijali rejista: inapitia kadi yenyewe ikitafuta alama za mwanzo wa picha na video. Zile inazookoa ziweke kwa diski nyingine, kamwe si kwa kadi hiyohiyo. Majina ya faili utayakosa, na video ndefu zinaweza kurudi vipandevipande. Lakini heri nusu shari kuliko shari kamili.

Sasa nisikudanganye, si kila kitu hurudi. Laptopu yenye SSD kwa kawaida huambiwa ni sehemu gani hazitakiwi tena, na inazisafisha yenyewe. Simu za siku hizi hufunga data kwa msimbo, kwa hivyo faili ikifutwa ndani ya simu ni ngumu sana kuitoa. Fundi akikuahidi asilimia 100 kabla hata hajaiwasha, shika njia. Angalia pipa kwanza: Google Photos huweka picha zilizokuwa zimepandishwa mtandaoni kwa siku 60, Google Drive huweka faili siku 30.

Kuandika juu ya faili ni noma zaidi. Umefungua CV yako pale saiba, ukaigeuza ya rafiki, ukasevu kwa jina lilelile. Kama ilikuwa Google Docs, ingia kwa matoleo ya awali, yako yatakuwa pale. Kama ilikuwa kwa kompyuta ambayo hakuna mtu aliwasha huduma ya kuhifadhi matoleo, jiandae kuiandika upya.

Ndiyo maana sipendi vile tunasifu fundi wa kuokoa huku tukimcheka mtu wa kuweka nakala. Waliofanya somo la Kompyuta kwa KCSE wanakumbuka: kazi ya karatasi ya pili unaiprinti na pia unaiacha kwa CD. Baraza la Mitihani halikutaka kutegemea nakala moja. Hata Pixar, mwaka 1998, amri moja ya kufuta ilikula sehemu kubwa ya filamu ya Toy Story 2, na bakapu za ofisini zilikuwa hazifanyi kazi sawasawa. Iliokolewa na nakala iliyokuwa kwa kompyuta ya nyumbani ya Galyn Susman, aliyekuwa akifanyia kazi nyumbani baada ya kujifungua.

Utaniambia bando ni ghali, video ya saa tatu haipandi mtandaoni. Sawa. Basi nunua flashi ya pili uiache kwa mama au kwa beshte, si kwa begi moja na laptopu. Begi likipotea kwa matatu ya Meru, zote zinaenda.

Na sisi wa kamera tukubaliane: kadi ya kazi haifomatiwi mpaka mwenye shughuli apokee nakala yake, aifungue, aone inacheza. Hilo halihitaji digrii. Mimi niliacha chuo na naliweza.