Tukitazame Chanda Kabla ya Pete

Sifa zote njema anastahiki Allah (SW), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na maswahaba wake.

Wazee wetu wametuachia methali isemayo kwamba chanda chema huvikwa pete. Tunaitaja sana katika harusi zetu, lakini mara nyingi tunashughulika na pete na kukisahau chanda. Posa ikishapokelewa, maswali juu ya swala na tabia za kijana huwa machache kuliko maswali juu ya dhahabu atakayoleta. Kwa hiyo juma hili tumeona ni vyema tuzungumze juu ya pete na nafasi yake katika nyumba ya Muislamu.

Pete mashuhuri zaidi katika historia yetu ilikuwa muhuri. Mtume (SAW) alipokusudia kuwaandikia Warumi, aliambiwa kwamba watu wale hawasomi barua isiyopigwa muhuri. Ndipo akafanyiwa pete ya fedha, ikachorwa maneno matatu katika mistari mitatu: Muhammad, Rasuli, Allah. Baada yake ilikuwa kwa Abubakar, kisha Umar, kisha Uthman (RA), mpaka ilipotumbukia katika kisima cha Aris, Madina. Iliitafutwa kwa siku tatu, maji ya kisima yakatekwa, wala haikuonekana. Pete ilipotea, Qur'ani na Sunna zikabaki mikononi mwetu.

Kwa wanawake, dhahabu na fedha zote ni halali. Kwa wanaume, dhahabu ni haramu hata ikiwa pete nyembamba ya ndoa. Tusidanganyike na ile inayoitwa dhahabu nyeupe, kwani nayo ni dhahabu iliyochanganywa na madini mengine, na rangi haibadilishi hukumu. Amepokea Ibn Abbas (RA) kwamba Mtume (SAW) alimwona mtu amevaa pete ya dhahabu, akaivua na kuitupa, akaifananisha na kaa la moto. Mtume (SAW) alipoondoka, watu walimwambia mwenye pete aiokote apate kunufaika nayo. Akaapa kwamba hataokota kamwe kilichotupwa na Mtume wa Allah. Mzazi anayemnunulia bwana harusi pete ya dhahabu ili ifanane na ya bibi harusi, na aikumbuke imani ya mtu yule.

Mwanamume akitaka pete, fedha inamtosha. Aivae kidole cha mwisho, kwani Ali (RA) amepokea makatazo ya kuivaa kidole cha shahada na cha kati. Na yeyote mwenye pete inayobana, mume au mke, aisogeze anapotawadha ili maji yafike chini yake.

Sasa tuje kwenye ndoa. Ndoa yetu hufungwa kwa wali, mashahidi wawili, na ijabu na kabuli. Pete haimo katika nguzo hizo, na kutokuwepo kwake hakupunguzi kitu. Mtume (SAW) alimwambia sahaba aliyetaka kuoa atafute cha kutoa mahari, japo pete ya chuma. Alipoikosa hata hiyo, aliozeshwa kwa sura za Qur'ani alizokuwa amehifadhi. Leo wapo vijana wanaoahirisha ndoa mwaka hadi mwaka kwa sababu ya pete na sherehe, huku shetani haahirishi kazi yake. Wazazi tujiulize ni nani aliyeuweka mzigo huo.

Zawadi ya pete wakati wa uchumba hatuipingi ikiwa ndani ya uwezo wa mtoaji. Ila wachumba bado si mahramu, hivyo kijana asimshike binti mkono ili kumvisha. Mama au dada yake anaweza kuifanya kazi hiyo.

Iko pete nyingine inayotutia hofu zaidi. Hii ni ile inayouzwa kwa jina la kinga, mvuto au bahati ya biashara, nayo huingia majumbani kimyakimya, mara nyingine ikavishwa mtoto mchanga. Akiki au feruzi ni vito vizuri vya kujipamba, wala havina neno. Lakini anayeamini kwamba jiwe linaleta riziki au linazuia husuda, ameivaa hirizi kidoleni. Allah (SW) ametufundisha katika Surat Yunus, aya ya 107, kwamba akitugusisha dhara hakuna wa kuliondoa isipokuwa Yeye. Mtoto tumkinge kwa dua na Muawidhatain.

Tumalizie kwa wanawake wa Madina. Siku ya Idi, Mtume (SAW) aliwaendea pamoja na Bilal (RA), akawahimiza kutoa sadaka. Bilal akatandaza nguo yake, nao wakavua pete zao na kuzitupia humo. Walizipenda kama tunavyozipenda sisi, lakini zilipohitajika katika njia ya Allah, vidole vyao viliziachia.

Hicho ndicho chanda chema. Wazazi, tuanze kukilea mapema, kwa swala, ukweli na kuridhika na kidogo cha halali. Kikiwa chema, pete ya fedha itakipendeza, na kikikosa pete, hakitapungukiwa thamani mbele ya Mola wake.

Wabillahi Tawfiq.