Mti Hupandwa Desemba, Hulelewa Julai



Kila mwaka, tarehe 5 Desemba, nchi yetu huadhimisha Siku ya Taifa ya Mti. Viongozi hushika majembe, wanafunzi huimba, na miche hupandwa katika viwanja vya shule, vya parokia na vya zahanati. Mvua ya wakati huo hunywesha kila kitu bila kubagua. Lakini pitieni viwanja hivyo hivyo mwezi wa Agosti: mara nyingi mtakuta vijiti vikavu na alama za mashimo. Ni maoni yangu kwamba miti haitupungukii kwa sababu hatupandi. Inatupungukia kwa sababu tunaacha kuilea mara tu mvua inapokatika.

Hapa Likasi mvua huaga mwezi wa Aprili, na kuanzia Mei hadi Septemba tone la maji kutoka angani ni adimu. Mji wetu umekaa juu ya tambarare, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Kwa hiyo usiku wa Juni na Julai joto hushuka hadi karibu nyuzi 10, na pengine chini yake. Baadaye, Septemba na Oktoba, huja jua kali kabla ya mvua ya kwanza. Mmea mchanga hukabili basi majaribu mawili yanayofuatana, baridi kisha joto, na yote mawili katika udongo mkavu.

Vitabu vya bustani vilivyotufikia kutoka Ulaya havitusaidii sana katika jambo hili. Vinaagiza vyungu viingizwe ndani mwezi wa Oktoba, wakati ambapo sisi tunatafuta kivuli. Huko poinsetia, lile ua jekundu lenye asili ya Meksiko, ni pambo la Krismasi. Kwetu majani yake ya juu huwa mekundu katikati ya mwaka, kwa kuwa huamshwa na usiku mrefu, na usiku wetu mrefu ni ule wa Juni. Mmea huo umejifunza anga la hapa. Nasi yatupasa kujifunza.

Najua pingamizi litakalotolewa, nalo ni zito: maji. Katika mitaa mingi ya Kikula na kwingineko bomba hukauka kwa siku nyingi, na maji ya kunywa hufika nyumbani juu ya kichwa cha mama au cha binti anayepaswa kuwa shuleni. Je, ni haki kuyamwaga maji hayo chini ya ua? Jibu langu ni hapana. Bustani inayomwongezea mtoto wa kike safari ya kisimani haistahili sifa. Lakini pingamizi hilo halitupi ruhusa ya kuacha mimea ife, maana maji ya mimea si lazima yawe maji ya kunywa.

Tufanye hesabu ndogo. Nyumba inayosuuza mboga, mchele na vyombo kwa ndoo moja ya lita 10 kila siku, hukusanya lita 70 kwa juma. Mti mchanga uliofunikwa vizuri shinani huweza kuvuka kiangazi kwa bidoni moja ya lita 20 kwa juma. Basi maji ambayo yangetupwa njiani yanatosha kulea miti mitatu na kubakiza ya vyungu vya barazani. Yatengwe tu yale yenye javeli au sabuni nyingi, na maji ya kusuuzia nguo yasimwagwe juu ya mboga za majani. Vilevile tusichote katika vijito vinavyopokea maji ya viwanda vya madini, hata kama vipo karibu. Na kazi ya kubeba ndoo hiyo ya jioni iwe ya baba na ya wavulana pia.

Namna ya kumwagilia nayo ina maana. Kunyunyiza kidogo kila siku hulowesha vumbi la juu tu na kuzoeza mizizi kubaki karibu na jua. Afadhali kuchimba kisahani kuzunguka mti na kumwaga maji mengi mara moja au mbili kwa juma, yazame hadi chini na kuivuta mizizi huko. Katika miezi ya baridi tumwagilie asubuhi, kwa sababu majani yanayolala yakiwa mabichi katika usiku wa baridi hushikwa na ukungu. Joto la Septemba likifika, wakati mwema ni alfajiri au baada ya jua kuzama.

Kwa mimea ya vyunguni, kosa la kawaida ni wema uliozidi. Katika baridi mmea hukua polepole na hunywa kidogo. Anayeendelea kuumwagilia kama wakati wa mvua huozesha mizizi yake. Tutie kidole katika udongo: ukiwa mbichi, tungoje. Mshubiri na sanseviera, zenye kuweka maji katika majani yao, huweza kukaa majuma kadhaa bila kitu. Krotoni na begonia ziondolewe barazani usiku, zisipigwe na upepo. Majani yafutwe kwa kitambaa kibichi, maana vumbi la barabara zetu huyanyima mwanga. Mbolea ingoje hadi joto lirudi.

Jambo la pili ninaloliomba kwa msisitizo ni kuacha moto. Kila asubuhi ya kiangazi, katika lupango nyingi, majani ya mwembe hufagiliwa, hukusanywa na kuchomwa. Tunapata majivu kidogo, na moshi unaowakohoza watoto na wazee katika majira ambayo kifua tayari kina shida. Majani yale yale, yakitandazwa shinani kwa unene wa kiganja, huzuia jua kunyonya unyevu, na mvua ikirudi huoza na kuwa chakula cha udongo. Yaachwe mbali kidogo na gome, upana wa mkono, ili mchwa na uozo visipande mtini. Wakati bora wa kuyatandaza ni mwisho wa Aprili, udongo ukiwa ungali na maji.

Tena, tusiwe wepesi wa kukata. Miti mingi ya miombo inayotuzunguka hupukutisha majani yake katika kiangazi, kisha Septemba na Oktoba, kabla hata tone la kwanza halijaanguka, huvaa majani mapya mekundu. Imetunza akiba chini ya ardhi. Kichaka kinachoonekana kufa mwezi wa Agosti kikwaruzwe kwanza kwa ukucha: kukiwa na kijani chini ya ganda, kinaishi.

Ninapendekeza basi kwa shule, kwa jumuiya na kwa kila nyumba: usipandwe mche wowote Desemba kabla ya kutajwa atakayeulea Julai. Ikiwa walezi ni watano, ipandwe miti mitano, isiwe hamsini. Wanafunzi wanapokwenda likizo mwezi wa Julai, jina la mlezi wa likizo liandikwe pia. Na hesabu ya miti yetu tusiifanye siku ya sherehe, mbele ya wageni na wapiga picha. Tuifanye mwaka unaofuata, mwanzoni mwa Novemba, mvua inapobisha hodi; tuhesabu ile tu iliyo hai.