Kijana wa Tungue na Masomo ya Kiangazi Ulaya

Mwezi wa Julai, kusi linapovuma kwa nguvu na mashua za Ghuba ya Tungue zikikaa pwani kusubiri bahari itulie, huko Ulaya ndipo kiangazi kinapokolea. Vyuo vikuu vyao hufungwa, wanafunzi hurudi makwao, na baadhi ya kumbi hufunguliwa kwa wageni wanaokuja kusoma kwa majuma machache tu. Katika masomo hayo ya kiangazi, yenye jina kubwa kwa upande wa sheria ni yale ya mjini The Hague, nchini Uholanzi. Katika nyumba yenye mwanafunzi wa sheria, iwe Mtwara, Dar es Salaam au Maputo, jina hilo hutajwa siku moja wakati wa chakula cha usiku, na mzazi aliyekuwa akihesabu karo ya wadogo hujikuta anaulizwa habari za nauli ya ndege.

Mzazi huyo, hasa akiwa askari mwenye mshahara unaojulikana na jamaa wengi wanaoutegemea, ana haki ya kujua mtoto anakwenda kutafuta nini kabla ya kutoa hata senti.

Chuo cha Sheria ya Mataifa cha The Hague kilianza kufundisha mwaka 1923, ndani ya Kasri la Amani, jengo lililofunguliwa mwaka 1913 kwa fedha za tajiri Andrew Carnegie. Mataifa yalileta zawadi za kulipamba: Uswisi ilitoa saa ya mnarani, Japani vitambaa vya hariri vya kutundikwa ukutani. Humo humo ndimo inamokaa Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Masomo ya kiangazi yana mafungu mawili, kila moja la majuma matatu. La kwanza huhusu sheria baina ya dola na dola: mipaka, mikataba, vita na bahari. La pili huhusu mashauri ya watu binafsi yanayovuka mipaka, mathalani ndoa ya mume wa nchi hii na mke wa nchi ile, mirathi, au biashara. Asubuhi ni mihadhara, mchana ni mazungumzo na wahadhiri. Lugha za ukumbini ni Kiingereza na Kifaransa.

Hapo kijana wa Tungue hujikwaa kabla hajaanza safari. Amelelewa kwa Kimakwe au Kimwani, amecheza kwa Kiswahili, akasomeshwa kwa Kireno. Ana lugha tatu kinywani, na hakuna hata moja itakayomsaidia kumwelewa mhadhiri. Mwenzake wa Mtwara, aliyesoma sheria kwa Kiingereza, anamzidi kwa hilo tu, wala si kwa akili. Mzazi wa upande wa kusini wa Mto Ruvuma mwenye fedha kidogo za ziada angefanya vyema kuzitia katika mwaka mmoja wa Kiingereza kwanza, Ulaya haitahama.

Lakini kwa nini mtoto wa pwani hiyo ahangaike na sheria ya mataifa? Jibu limo katika ghuba yenyewe. Ni vigumu kupata mahali padogo palipochezewa zaidi kwa karatasi za wakubwa.

Mwaka 1862 Uingereza na Ufaransa zilitoa tamko la kuheshimu uhuru wa Sultani wa Zanzibar. Tungue ilikuwa mwisho wa milki yake upande wa kusini, nayo ilikuwa na liwali wake, huku Ureno ikishikilia kwamba mahali hapo ni pake. Mwaka 1886 wajumbe wa Uingereza, Ujerumani na Ufaransa walizunguka pwani kuchunguza milki ya Sultani inaishia wapi. Mjumbe wa Uingereza alikuwa Kitchener, yule aliyekuja kuwa jemadari mashuhuri. Ilipofika mwanzo wa Novemba mwaka huo, Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kwamba Sultani ana ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10, kuanzia Mto Minengani kwenye Ghuba ya Tungue hadi Kipini. Wino haujakauka, tarehe 30 Desemba 1886, Ujerumani ile ile ikatia sahihi na Ureno kwamba mpaka wao ni Mto Ruvuma. Mwenye ramani na aitazame: Ruvuma iko kaskazini ya Minengani. Kipande cha katikati kilikuwa cha Sultani katika karatasi ya kwanza, na katika karatasi ya pili kilikuwa upande wa Mreno. Dola moja ilitia sahihi kotekote, na kati ya karatasi mbili hizo haikupita hata miezi miwili.

Ureno haikungoja mahakama. Mwezi wa Februari 1887 ilimtaka Sultani Barghash aiachie Tungue, na alipokataa, manowari zake zikapiga mizinga Tungue na Minengani, na meli yake iitwayo Kilwa ikatekwa. Barghash alifariki mwaka uliofuata. Mwaka 1894 Wajerumani nao wakavuka Ruvuma wakapandisha bendera Kionga, wakidai kwamba haki ya Mreno haikupita Rasi Delgado. Mwaka 1916, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Mreno akaichukua Kionga. Na mwaka 1919, baada ya Mkataba wa Versailles, wakubwa waliokuwa wakikutana Ufaransa wakampa rasmi. Mzee aliyezaliwa Kionga miaka ya 1880 angaliweza kuwa raia wa Sultani, kisha wa Kaiza, kisha wa Lisbon, pasipo kuhama kiambazani kwake.

Mambo hayo ndiyo wanayofundishwa wanafunzi wa The Hague, ijapokuwa mifano yao aghalabu hutoka kwingine. Watasoma shauri la Kameruni na Nijeria juu ya rasi ya Bakassi, lililoamuliwa tarehe 10 Oktoba 2002, ambamo iliulizwa kama mkataba wa 1884 baina ya Waingereza na wafalme na machifu wa Old Calabar ulikuwa mkataba wa mataifa. Mahakama ilisema haukuwa. Watasoma la Botswana na Namibia juu ya kisiwa kilicho katika Mto Chobe, lililoamuliwa mwaka 1999, ambamo wananchi wa upande wa Namibia walikuwa wamelima kisiwani kwa miaka mingi. Ilionekana kwamba kulima kwao peke yake hakukuipa dola yao milki. Kijana aliyekulia mpakani huyasoma hayo na moyo ukamwuma, na ni vizuri umwume, kwa kuwa asiyeumwa atayakariri kwa ajili ya mtihani na kuyasahau ndani ya ndege.

Atajifunza pia kwamba Afrika yenyewe iliamua. Mwezi wa Julai 1964, mjini Cairo, wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika waliahidi kuiheshimu mipaka iliyokuwapo siku ya uhuru, ijapokuwa ilichorwa na wageni. Mwalimu Nyerere alikuwa mstari wa mbele katika jambo hilo. Haukuwa uamuzi wa kuisifu mipaka hiyo. Walioufanya waliogopa kwamba atakayeanza kuivuta upande mmoja atajikuta anavutwa pande zote.

Kwa upande wa baharini, Tanzania na Msumbiji hazikufika mahakamani hata kidogo. Tarehe 28 Desemba 1988 zilitia sahihi mkataba mjini Maputo. Mstari ulivutwa kutoka Ras Mwambo hadi Rasi Suafo kuufunga mdomo wa Ghuba ya Ruvuma, na maji yaliyo ndani yakagawanywa sawa kwa sawa. Huu ni mfano wa kuupeleka darasani. Kenya na Somalia zilishindwa kuelewana, na hukumu ya The Hague ya tarehe 12 Oktoba 2021 haikumpa Kenya mstari aliokuwa akiutaka. Askari wa Kilambo anayetazama ng'ambo kila asubuhi hafikirii kwamba utulivu wa maji yale ni kazi ya wanasheria waliokaa meza moja, lakini ndivyo.

Hata hivyo kuna jambo ambalo wenye kusifu masomo ya Ulaya hulipita haraka. Sheria inayomgusa mama wa Tungue leo si ya Kasri la Amani. Baada ya gesi kugunduliwa katika bahari ya Palma, vijiji vya rasi ya Afungi vilipangiwa kuhama, na kijiji kipya cha Quitunda kikajengwa. Maswali ya mama huyo yalikuwa haya: shamba langu ni la nani, minazi yangu ina thamani gani, nitavua wapi? Majibu yamo katika Sheria ya Ardhi ya Msumbiji ya mwaka 1997, isemayo kwamba ardhi ni ya Dola, lakini aliyeitumia kwa nia njema miaka 10 ana haki ya kuitumia hata kama hana karatasi. Hiyo husomwa Msumbiji, kwa Kireno, na hufaa pale ambapo mtu anayeielewa yuko tayari kukaa mkekani na wanakijiji na kuwafafanulia kwa Kimakwe. Kisha likaja shambulio la tarehe 24 Machi 2021 mjini Palma, na watu wengi wakakimbia. Mtu anayekimbia usiku huchukua mtoto, hachukui vyeti. Kijana wa familia kama hiyo atahitaji kwanza kitambulisho, hati za shule na pasipoti, na kazi hiyo peke yake yaweza kumaliza mwaka mzima.

Sasa fedha. Wapo wanaopata ufadhili wa chuo hicho, hasa kutoka nchi zinazoendelea, lakini maombi hupelekwa miezi mingi kabla, na mwombaji lazima aulize kama nauli imo au haimo. Viza ya Ulaya ya muda mfupi imekuwa euro 90 tangu Juni 2024, nayo huambatana na bima ya afya isiyopungua euro 30,000 kwa kiwango cha fidia. Ombi hupelekwa si mapema kuliko miezi 6 kabla ya safari, wala si chini ya siku 15. Fedha za viza hazirudishwi ikikataliwa, jambo ambalo mawakala wa mitaani hawapendi kulisema.

Na cheti je? Aliyehudhuria hupewa cheti cha kuhudhuria. Ipo diploma ya mtihani, lakini ni ngumu sana na wachache mno huipata kila mwaka. Hicho cha kuhudhuria hakimfanyi mtu kuwa wakili, wala hakimpandishi cheo mtumishi. Mzazi anayeuza shamba kwa kudhani mtoto atarudi hakimu amedanganywa, pengine na mtoto mwenyewe. Kwa familia isiyo na mfadhili, shauri la busara ni kuanzia hapa karibu. Arusha ipo Taasisi ya Afrika ya Sheria ya Kimataifa, na tangu 2008 Umoja wa Mataifa umeweka mihadhara ya mabingwa katika mtandao, bila malipo. Aliyeisikiliza mihadhara hiyo miezi sita na bado ana hamu, huyo ndiye wa kuombewa ufadhili.

Kwa mtoto wa bahari, tena, huenda Hamburg nchini Ujerumani ikamfaa kuliko The Hague. Hapo ipo Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari, na tangu 2007 hufanyika masomo ya kiangazi juu ya bahari peke yake. Watanzania si wageni katika mahakama hiyo: Joseph Warioba alikuwa miongoni mwa majaji wake wa kwanza, kuanzia 1996 hadi 1999, na James Kateka alikaa hapo toka 2005 hadi 2023.

Aliyekwisha kupata nafasi, afunge sanduku lake kwa akili. Sweta ni lazima, kwani kiangazi cha Uholanzi kina mvua na upepo. Mwislamu ajue kwamba mwezi wa Julai jua huko huzama karibu saa nne za usiku, hivyo Isha humkuta akiwa amechoka na alfajiri haiko mbali. Na chini ya nguo aweke nakala ya mkataba wa 1988, pamoja na ramani ya Ghuba ya Tungue inayoonyesha Minengani na Ruvuma, kwa sababu siku ya mazungumzo ya mchana mhadhiri atawauliza wanafunzi wametoka wapi, na wengi ukumbini hawatakuwa wamewahi kulisikia jina hilo.