Hivi kweli vipaji vya soka vimekwisha?

Nipo Nkowe, huku Ruangwa kwetu, na kama ilivyo kwa mtu anayejulikana kijijini kuwa "anaandika magazetini", nimeshageuzwa mshitakiwa wa kila jambo baya linalotokea nchini. Bei ya ufuta ikishuka naulizwa mimi. Umeme ukikatika naulizwa mimi. Na Taifa Stars ikifungwa, basi hapo ndipo kesi inapokuwa kubwa, maana wazee wa hapa wana hukumu yao tayari na hawahitaji hata utetezi: vipaji vimekwisha. Enzi zao kulikuwa na wachezaji, sasa hivi kuna wavaa viatu vya rangi.

Nimeisikia hukumu hii tangu nikiwa mtoto, na Dar nako naisikia, tena kwa vijana wenzangu wenye digrii ambao mwaka 1980 hata wazazi wao walikuwa hawajaoana. Inasemwa kwa uhakika kabisa. Leo naomba niikatie rufaa.

Tuanze na haki ya wazee, maana haki yao ipo. Mwaka 1979 Stars iliitoa Zambia katika mbio za kwenda Fainali za Mataifa ya Afrika, 1-0 hapa nyumbani, kisha 1-1 kule Ndola kwa bao la Peter Tino ambalo hadi leo mzee yeyote wa rika lile atakusimulia kama vile yeye ndiye aliyetoa pasi. Zambia haikuwa timu ya kuokoteza. Miaka mitano nyuma yake ilikuwa imecheza fainali ya michuano hiyo hiyo. Na fainali za 1980 kule Lagos zilikuwa na timu 8 tu. Nane! Siku hizi zinakwenda 24. Mtu akikwambia kwamba kuingia kati ya timu nane za Afrika si sawa na kuingia kati ya ishirini na nne, usibishane naye, kapiga hesabu vizuri.

Lakini baada ya kufika Lagos ilikuwaje? Hapo masimulizi huwa yanakatika ghafla. Tulifungwa 3-1 na Nigeria, tukafungwa 2-1 na Misri, tukatoka 1-1 na Ivory Coast. Juma Mkambi alifunga moja, Thuweni Ally mawili. Pointi moja, mkia wa kundi, tukarudi nyumbani. Sisemi haya kuwadharau. Akina Leodegar Tenga, Jella Mtagwa, Juma Pondamali na wenzao walifika mahali ambapo sisi tulikuja kufika tena baada ya miaka 39. Nasema tu kwamba timu tunayopimia wenzao wa leo nayo haikushinda mechi hata moja.

Sasa weka pembeni yake hawa "wavaa viatu vya rangi". Misri 2019 ilikuwa aibu, sitawatetea: mechi tatu, vipigo vitatu, kikiwemo kile cha 3-2 kutoka kwa Kenya ambacho mpaka leo kinaniuma kama jino. Ivory Coast, Januari 2024, tulipigwa 3-0 na Morocco, kisha tukatoka sare na Zambia na DR Congo. Zambia tulikuwa tunawaongoza hadi dakika ya 88, wenyewe wakiwa pungufu. Halafu fainali za 2025 kule Morocco: 2-1 na Nigeria, sare na Uganda, sare na Tunisia, na kwa mara ya kwanza katika historia yetu tukavuka makundi. Wenyeji wakatutoa Januari 2026 kwa bao moja tu. Ukijumlisha fainali zote nne tumecheza mechi 13, sare 5, kufungwa 8, kushinda sifuri. Sifuri hiyo ni ya wote, ya Peter Tino na ya Mbwana Samatta. Kama hukumu inatolewa kwa matokeo, basi kizazi kilichofika mbali zaidi ni hiki hiki kinachotukanwa.

"Hapana," mzee mmoja aliniambia juzi, "wewe hukuwaona."

Kweli sikuwaona. Lakini nikamuuliza kwa adabu zote, shikamoo juu yake, je, yeye aliwaona? Akacheka, maana alijua ninakoelekea. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994. Mwaka 1980 Nkowe nzima iliicheza mechi ya Lagos masikioni, kupitia Redio Tanzania Dar es Salaam, betri zikiwa zimeanikwa juani mchana ili zifike dakika ya 90. Mtangazaji akisema chenga ya maudhi, kila mtu aliichora chenga hiyo kichwani mwake kwa ukubwa alioutaka. Hakuna aliyeona pasi iliyopotea. Hakuna aliyerudishiwa picha mara sita, polepole, beki akiteleza.

Mchezaji wa leo hana bahati hiyo. Saa kumi anacheza yeye, saa moja usiku kwenye kibanda umiza hicho hicho wanacheza Arsenal na Manchester City, na watazamaji ni wale wale waliolipa kiingilio kile kile. Anapimwa na watu ambao wametoka kumwona Samatta akikosa bao na dakika tano baadaye wanamwona Haaland. Mwaka 1980 hakuna mtu hapa Nkowe aliyemlinganisha Thuweni Ally na Karl-Heinz Rummenigge, maana huyo Rummenigge walikuwa hawajamwona. Hii si mizani sawa, wadau. Huyu anapimwa kwa jicho, yule alipimwa kwa sikio, na sikio siku zote lina huruma.

Halafu kuna jambo ambalo hawa wanaosema vipaji vimekwisha huwa hawaligusi kabisa. Mwaka 2022 mabinti zetu wa chini ya miaka 17, Serengeti Girls, walikwenda Kombe la Dunia kule India kwa mara ya kwanza. Wakafungwa 4-0 na Japan, wakaifunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare na Canada, wakaingia robo fainali. Robo fainali ya Kombe la Dunia! Mechi hizo zilionyeshwa, hazikufichwa. Nchi iliyoishiwa vipaji haiifungi Ufaransa kwa bahati mbaya. Nadhani tatizo ni kwamba tunaposema "vipaji vya taifa" tunamaanisha wanaume peke yao, na hilo ni somo la siku nyingine.

Kwa hiyo vipaji havijashuka? Jibu langu ni kwamba hakuna anayejua, mimi wala wazee, kwa sababu kipaji kisichotafutwa hakiwezi kuhesabiwa. Kilichoshuka ninakijua, na ndicho kinachonikera.

Ilikuwepo ngazi. Kijana wa shule ya msingi alicheza UMITASHUMTA, wa sekondari UMISSETA, kutoka wilaya hadi mkoa hadi taifa. Mikoa ilikuwa na timu zake katika Kombe la Taifa, na Lindi au Rukwa ilikuwa na sababu ya kuzunguka vijijini kutafuta winga. Juu yake kulikuwa na timu za mashirika: Reli na Tumbaku za Morogoro, Bandari ya Mtwara, CDA ya Dodoma, Pamba ya Mwanza, RTC ya Kagera, Ushirika ya Moshi. Ulisajiliwa ukapata na kazi. Ubingwa wa nchi ulikwenda Mseto ya Morogoro mwaka 1975 na Tukuyu Stars mwaka 1986. Hebu fikiria, Tukuyu!

Mashirika yakabinafsishwa au yakafa miaka ya 90, timu zikafa nayo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wizara ya elimu ikasimamisha mashindano ya michezo mashuleni, eti wanafunzi wasome. Yalikuja kurudishwa, lakini kuna watoto waliopita shuleni katikati hapo bila mtu yeyote kuwaona wakicheza. Mwishoni mwa 2005 Tanzania ilikuwa ya 175 kwenye orodha ya FIFA, nafasi mbaya kuliko zote ilizowahi kushika. Miaka kumi kabla, Februari 1995, ilikuwa ya 65. Hivi kweli kuna mtu anayeamini kwamba katika miaka kumi kina mama wa Tanzania waliacha kuzaa watoto wenye vipaji? Mzee Mwinyi alikuwa ameshaisema Stars kwamba ni kichwa cha mwendawazimu, kila anayejifunza kunyoa anajifunzia hapo. Sikumbuki kama kuna aliyeuliza kwa nini kichwa hicho hakina mwenyewe.

Najua mtaniambia ligi yetu sasa ina pesa. Ni kweli. Simba wanacheza robo fainali za Afrika kama kwenda sokoni, Yanga walifika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2023 na Simba wakafika 2025. Naipenda ligi hii. Ila angalia wafungaji bora. Kuanzia msimu wa 2018/19 hadi 2024/25, misimu saba, Mtanzania amekuwa mfungaji bora mara mbili tu: John Bocco na George Mpole. Mingine imekwenda kwa Kagere, Mayele, Saido, Aziz Ki, Ahoua. Siwachukii wageni, Aziz Ki amenipa raha ambayo sijui nitamlipaje. Lakini klabu inayoruhusiwa kusajili wageni 12 haitapanda basi kwenda Ruangwa kutafuta mshambuliaji wa miaka 16. Itapiga simu Abidjan.

Hata Samatta, ambaye ni hoja yangu nzuri kuliko zote, ananisaliti kidogo. Bingwa wa Afrika na TP Mazembe 2015, mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza barani mwaka huo huo, bingwa wa Ubelgiji na Genk 2019, bao Anfield, Mtanzania wa kwanza Ligi Kuu ya Uingereza. Haya hakuna mchezaji wa 1980 aliyeyafanya. Ila Samatta ni mtoto wa Mbagala. Kutoka Mbagala kwenda African Lyon ni nauli ya daladala. Mazembe walimwona mwaka 2011 akiwa na jezi ya Simba. Je, angezaliwa hapa Nkowe?

Hapa Nkowe soka lenyewe halijafa. Baada ya mavuno ya ufuta kuna ligi za kugombea mbuzi, na karibu na uchaguzi mbuzi huwa wanaongezeka. Ruangwa mjini kuna uwanja wa Majaliwa na Namungo FC, ambao walipanda Ligi Kuu mwaka 2019 na msimu wa 2020/21 wakacheza hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Jambo hili msilichukulie kirahisi. Mtoto wa huku amekua akiwaona Simba na Yanga kwa macho yake, bila kusafiri. Baba yake alikuwa akitaka kuwaona alipaswa kuvuka Rufiji kwa pantoni pale Ndundu, maana daraja la Mkapa lilifunguliwa 2003. Barabara imekuja, uwanja umekuja, Ligi Kuu imekuja. Asiyekuja ni mtu mwenye daftari wa kukaa kwenye mechi ya mbuzi na kuandika majina.

Kuna kijana nimemwangalia mechi tatu sasa. Beki wa kushoto, ana miaka 17. Jina lake silitaji, hajaniruhusu. Hana kasi ya ajabu, lakini anajua mpira utaangukia wapi kabla haujapigwa, na hilo halifundishwi. Nilimuuliza amewahi kuitwa kwenye majaribio yoyote. Aliniuliza majaribio ni nini. Mwakani anamaliza kidato cha nne, na mjomba wake ameshamtafutia pikipiki ya bodaboda ya mkataba Nachingwea. Nilipowaambia wazee kwamba huyu anacheza vizuri, yule yule wa "vipaji vimekwisha" akadakia: "Huyo? Huyo ni fundi kabisa!" Sikuona sababu ya kubishana tena.

Fainali za 2027 Tanzania imepewa kuandaa pamoja na Kenya na Uganda. Kutakuwa na mabango, nyimbo, hamasa, na mabilioni kwenye viwanja. Sina neno na viwanja. Ombi langu ni dogo na linahusu nauli. Kama wewe ni kocha wa timu yoyote ya vijana, hata ya daraja la chini, Jumapili hii nusu fainali inachezwa hapa Nkowe, uwanja wa shule, saa kumi jioni. Shuka Ruangwa mjini, panda bodaboda, sema unakwenda mpirani. Huyo kijana ni namba 3, kaichora mwenyewe mgongoni kwa kalamu ya wino.