Mushahara uko na dini gani?

Huku Kibombo mukristu na mwislamu wanakula sahani moja. Lakini kwenye machimbo, siku ya kuchagua delege wa sendika, nasikia: «Huyu si wa kanisa letu.» «Yule si wa musikiti.» Hapo patro anacheka.

Tuangalie historia. Ulaya walipigana miaka 30, toka 1618 mpaka 1648, wakisema ni juu ya dini. Kumbe Kardinali Richelieu, mukatoliki wa Ufaransa, alilipa mfalme wa Sweden, muprotestanti, apigane na Kaizari mukatoliki! Buganda vilevile: 1892 wakatoliki na waprotestanti waliuana kule Mengo. Aliyeamua ni bunduki za Lugard, mutu wa kampuni ya Waingereza.

Na siye Maniema? Toka 1892 mpaka 1894, Ulaya waliambiwa ni vita ya wakristu ya kumaliza utumwa wa Waarabu. Utumwa ulikuwako kweli, tusifiche. Lakini Nyangwe na Kasongo zilipoanguka mwaka 1893, biashara ya pembe ikaingia mikononi mwa Leopold. Gongo Lutete, aliyeacha Waarabu akamusaidia, maofisa wake walimuua mwaka uleule. Kiisha babu zetu wakapata nini? Kazi ya nguvu na fimbo.

Basi, dini ilikuwa bendera, mali njo ilikuwa vita. Delege tumuchague juu ya kazi yake. Kusali, kila mutu aende kwake; mushahara, tuudai pamoja.