Akiba ya Nguvu Uwanjani

Vijana wengi tunaowaona wakishika raketi hukimbilia kila mpira tangu mwanzo, kana kwamba mechi itakwisha baada ya robo saa. Watazamaji huwashangilia. Lakini ikifika seti ya pili, miguu huwa mizito, mkono hulegea, na mpira mwepisi huwapita. Je, walikosa nguvu? La, nguvu walikuwa nazo. Walizitumia pasipo hesabu.

Tutazame kwanza jinsi tenisi inavyohesabiwa. Seti hugawanywa katika sehemu ndogo ziitwazo gemu. Ndani ya gemu mchezaji huhesabiwa 15, kisha 30, kisha 40, na gemu mpya huanza tena na sifuri. Basi aliyeshindwa gemu baada ya kuhangaika sana hana faida kumzidi aliyeshindwa bila kupata pointi hata moja. Kwa hiyo si pointi zote zenye uzito mmoja.

Mwaka 2010, huko Wimbledon, Uingereza, John Isner wa Marekani alimshinda Nicolas Mahut wa Ufaransa katika mechi iliyochukua saa 11 na dakika 5, kwa muda wa siku tatu. Mahut alipata pointi 502, Isner 478. Aliyepata nyingi ndiye aliyeshindwa! Lakini mshindi naye alilipa deni la mwili wake: katika mechi iliyofuata alishindwa upesi, seti tatu kwa sifuri.

Mfano mkubwa zaidi ni wa Michael Chang, kijana Mmarekani wa miaka 17. Tarehe 5 Juni 1989, mjini Paris, alikabiliana na Ivan Lendl, aliyekuwa wa kwanza duniani. Chang alipoteza seti mbili za mwanzo. Alipokuwa akijitahidi kurudi, misuli ya miguu ikaanza kumkaza, hata kusimama kukawa taabu. Akafanya nini? Aliinua mipira juu sana ili apate nafasi ya kuvuta pumzi. Alipopata mpira mzuri, aliupiga kwa nguvu zote ili pointi iishe mapema. Wakati wa kubadilishana upande alikunywa maji na kula ndizi. Katika seti ya tano alianzisha mpira mmoja kwa kuupiga polepole kutoka chini, badala ya juu ya kichwa. Lendl akalazimika kukimbia mbele, na pointi ikawa ya Chang. Alishinda seti tatu za mwisho, kila moja 6 kwa 3, na siku chache baadaye akatwaa kombe.

Wengine watasema kwamba kuweka akiba namna hii ni uvivu. Sivyo. Mvivu huacha mpira kwa sababu hataki kukimbia. Mwenye busara huacha mmoja ili aweze kukimbilia mwingine ulio na thamani zaidi. Tena sheria za mashindano makubwa humtoza faini mchezaji asiyejitahidi. Mwenye akiba hujitahidi mpaka pointi ya mwisho, na ndipo akiba yake huonekana.

Basi, wanafunzi wetu, shikeni haya. Kati ya pointi na pointi, tembeeni taratibu na kuvuta pumzi ndefu, lakini msipitishe muda uliowekwa. Kunyweni maji kabla kiu haijawabana, hasa jua likiwa kali. Mpinzani akiongoza 40 kwa sifuri katika gemu anayoanzisha yeye, msijimalize kwa mpira ulio mbali mno. Lakini hesabu ikiwa 30 kwa 30, au seti ikikaribia mwisho, hapo tumieni mlichoweka. Akiba haiozi, walisema wazee. Nasi twaongeza kwamba haifai kitu kwa yule anayerudi nyumbani nayo, hali ameshindwa.