Ukienda Kituntu, Acha Nakala

Hebu fungua makala yoyote kuhusu Karagwe. Aya ya kwanza au ya pili utamkuta Speke. Alifika kwa Mukama Rumanyika mwaka 1861, akakaribishwa, akala, akanywa. Mwaka 1863 akatoa kitabu kinachosimulia jinsi alivyompima shemeji wa mwenyeji wake unene kama ng'ombe wa mnadani. Humo humo akadai kwamba ukoo wa watawala wa huku ulitoka Uhabeshi, yaani weusi wenyewe wasingeweza kujenga dola. Na huyo ndiye tunayemwita chanzo!

Simsemi mtu, najisema. Miaka michache iliyopita nilikwenda Kituntu kutafuta habari. Mzee mmoja alinikalisha kibarazani karibu saa mbili, akinitajia kwa Kinyambo majina ya vilima, koo zilizohamia na sehemu walikoyeyushia chuma. Mjukuu wake alikuwa akinitafsiria. Gazetini zikatoka sentensi tatu. Simu yangu ikaja kuharibika, na rekodi ikaenda nayo. Baadaye yule kijana akanipigia: "Kaka, babu tumemzika. Ile sauti yake unayo?"

Sikuwa nayo. Nilichukua, sikuacha kitu.

Wapo watakaoniambia kwamba historia ni kazi ya wataalamu, wanakijiji watunge hadithi tu. Nawapeleka Katuruka, upande wa Bukoba. Peter Schmidt, mwanaakiolojia wa Marekani, alichimba pale mwaka 1970 kwa sababu wazee walimwonyesha mahali. Simulizi zao zilihusisha eneo la mti wa Kaiija na ufuaji wa chuma wa enzi za Mukama Rugomora Mahe. Chini ya ardhi yakakutwa mabaki ya kazi ya chuma ya zaidi ya miaka 2000. Nani alikuwa mtaalamu hapo? Jembe lilifuata mdomo.

Na miaka zaidi ya thelathini baadaye ni wanakaturuka wenyewe walioamua kuihifadhi historia yao. Waliunda kamati, wakahoji wazee wao, wakamwita Schmidt arudi kuwasaidia. Lakini wengi wa wale waliomsimulia mara ya kwanza walikuwa wameshafariki. Tusisahau Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikogunduliwa, mwaka 1983. Ugonjwa ule uliondoa kizazi kilichotakiwa kupokea maneno kutoka kwa wazee na kuyafikisha kwa watoto. Katuruka waliokota kilichobaki.

Karagwe tunasubiri nini? Bweranyange, makao ya wafalme yaliyokuwa na ng'ombe wa chuma waliofuliwa na mafundi wa huku, ipo wilaya hii hii. Marehemu Israel Katoke aliandika historia ya ufalme huo, ikachapishwa mwaka 1975. Kazi kubwa, lakini kwa Kiingereza. Bibi wa Kituntu ataisomaje?

Sisemi watu washike majembe. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inataka kibali cha kuchimba, na ni haki, maana shimo likichimbwa ovyo halirudishiki. Lakini kuuliza bibi jina la kilima hakuhitaji kibali. Kuandika jina la mfua chuma hakuhitaji digrii. Kikundi cha vijana wanne, simu moja na daftari vinatosha kuanza. Anzeni na wenye umri mkubwa zaidi, na msiwaruke akina mama.

Sisi wenye kalamu tunadaiwa mambo matatu. Rekodi ifanywe kwa Kinyambo kwanza, tafsiri ije baadaye. Aliyesimulia, akikubali, atajwe kwa jina, asiitwe "mzee mmoja" kama nilivyofanya hapo juu, maana hata jina sikuandika. Na nakala ibaki kijijini, shuleni au ofisi ya kata, kabla mwandishi hajapanda basi.

Nawe msomaji, ukikutana na makala inayoanza na Speke, muulize mwandishi: wa Karagwe amemhoji nani, na sauti yake ameiacha wapi? Akikosa jibu, ujue ni mimi yule yule wa Kituntu.